Uvimbe wa Kiwiko: Upasuaji Huja Mwisho

Nyuma ya kiwiko, kati ya ngozi na ncha ya mfupa, kuna kifuko chembamba chenye ute kidogo. Ndicho kinachoiwezesha ngozi kuteleza kila mkono unapokunjwa na kunyooshwa. Kikigongwa, kikigandamizwa kwa saa nyingi au kikiingiwa na vijidudu, hujaa maji na kuvimba. Wanaoegemea viwiko kazini, na wenye jongo au baridi yabisi, huwa hatarini zaidi.

Wengi hupona bila kupasuliwa. Kuacha kukiegemea kiwiko, kukikanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani, kukifunga bandeji na kumeza dawa za kupunguza uvimbe mara nyingi hutosha, ingawa huenda zikapita wiki kadhaa. Daktari anaweza kuyanyonya maji kwa sindano, hasa akitaka yapimwe maabara. Kukiwa na maambukizi, ambayo kwa kawaida huletwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, mgonjwa hupewa antibiotiki.

Upasuaji hufikiriwa pale antibiotiki zinaposhindwa, au uvimbe unapokuwa sugu kwa miezi kadhaa, ukirudi kila unaponyonywa na kumzuia mtu kufanya kazi. Daktari huchana ngozi, mara nyingi pembeni kidogo ya ncha ya kiwiko ili kovu lisikae mahali pa kuegemea, kisha hukitoa kifuko kizima. Akikuta mfupa umeota kichomozo, hukiondoa pia. Hapo huwa mwangalifu na neva ya alna, ile inayotia ganzi vidole ukijigonga kiwiko, kwa kuwa inapita upande wa ndani karibu kabisa na eneo hilo. Baada ya miezi, mwili huota kifuko kingine.

Kwa nini basi madaktari hawakimbilii kisu? Sababu ni ngozi yenyewe. Ni nyembamba, haina nyama chini yake, na huvutwa kila mkono unapokunjwa, kwa hiyo kidonda huchelewa kufunga. Utafiti uliochapishwa Ubelgiji mwaka 2006 kuhusu wagonjwa 37 waliofanyiwa upasuaji huu ulionyesha kuwa takriban asilimia 27 vidonda vyao vilisumbua kupona, na asilimia 22 uvimbe uliwarudia. Ndiyo maana baada ya upasuaji mkono hufungwa bandeji ya kubana na kutulizwa kwa siku kadhaa, na nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Baadhi ya wapasuaji sasa hutumia kamera nyembamba kupitia matundu madogo yaliyo mbali na ncha, ili kuinusuru ngozi hiyo.

Usiutoboe uvimbe nyumbani, kwani tundu la sindano chafu hupitisha vijidudu. Kiwiko kikiwa chekundu, cha moto na chenye maumivu makali, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.