NGUVU YA MWILI: BIDONI MOJA INATOSHA



Wengi kati yetu wanasema: «Kama ningekuwa na vyuma vya kuinua, kama vile vijana wa Kinshasa, ningekuwa na nguvu.» Tena hapa Mongbwalu tunasikia neno lingine: «Ukitaka nguvu, nenda kwenye shimo la zahabu, ubebe mifuko ya mawe.» Yote mawili si kweli.

Mimi niliamini lile la pili. Wakati wa likizo kubwa nilienda kubeba. Siku ya kwanza nilichukua mufuko sawa na wa watu wakubwa, juu niliona haya mbele ya wenzangu. Siku ya tatu mugongo ulikataa. Majuma matatu sikuweza kumuchotea mama maji, na dada yangu mudogo njo alibeba bidoni yake na yangu. Haya ile ilizidi ile ya kwanza! Basi nikatafuta kujua namna gani nguvu inakuja.

Nguvu inakuja namna gani?

Ukifanya kazi nzito kidogo kuliko ulivyozoea, misuli inachoka na kuumia kidogo sana. Wakati unapumzika, mwili unaitengeneza na kuiongezea uwezo. Kwa hiyo kazi inaita nguvu, lakini pumziko na chakula njo vinaijenga. Katika majuma ya kwanza hautaona mukono kunenepa. Mishipa ya fahamu inajifunza kwanza kuamsha misuli vizuri. Kunenepa kunakuja nyuma. Usikate tamaa.

Tena, kano, ni kusema zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa, zinakomaa polepole kuliko misuli. Mutu akiruka kutoka mzigo mudogo mpaka mzigo mukubwa, misuli inaweza kukubali na kano zikakataa. Ile njo ilikuwa kosa langu.

Zamani sana, katika karne ya 6 mbele ya Kristo, kulikuwa mupiganaji wa mieleka jina lake Milo, mutu wa Krotona, katika Italia ya kusini. Alishinda mara 6 katika michezo ya Olimpia. Wanasimulia kwamba alibeba ndama kila siku, ndama akakua, na Milo akaendelea kumubeba mpaka akawa ngombe mukubwa. Pengine ni hadisi tu, lakini fundisho lake ni la kweli: ongeza kidogo kidogo.

Bidoni ni mizani

Sisi hatuna ndama, lakini kila nyumba iko na bidoni. Litre 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi chukua bidoni ya litre 10, tia litre 3, uko na kilo 3 na uzito kidogo wa bidoni yenyewe. Wiki ingine tia litre 4. Hakuna chuma cha kununua chenye kinaongezeka vizuri namna hii. Na maji yakicheza ndani, mwili unajifunza kujishikiza.

Fanya mazoezi mara 3 kwa juma, kwa mufano siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Mbele ya kuanza, tembea haraka ao ruka kamba dakika 5 ili mwili upate moto. Kisha:

1. Kuchuchumaa. Shika bidoni kifuani, shuka kama mutu anayeikaa kwenye kiti kifupi, kisha simama. Mugongo unyooke, visigino visitoke chini.

2. Pompe. Ukiwa mugeni, sukuma ukuta. Ukizoea, sukuma ukingo wa meza nzito yenye haitembei. Kisha shuka chini. Pompe ya chini inakubebesha karibu sehemu 2 kwa 3 za uzito wako, basi usidharau.

3. Kuvuta. Inama, mukono mumoja juu ya kiti, mwingine uvute bidoni mpaka kwenye kiuno. Kisha badilisha mukono. Wengi wetu tunabeba kila siku na mukono mumoja tu, na upande mwingine unabaki zaifu.

4. Ubao. Lala juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, sekunde 20. Hii inalinda mugongo.

Fanya kila moja ya zile tatu za kwanza mara 8, pumzika dakika 2, rudilia mpaka zamu 3. Ubao pia zamu 3. Ukiweza mara 12 bila kutetemeka, ongeza litre 1. Usizuie pumzi. Maumivu makali yakija, acha. Ukiwa na homa, pumzika mpaka upone.

Chakula na dawa

Bugali ya muhogo inatupa moto wa kufanya kazi, lakini haina protini mingi ya kujenga misuli. Ongeza maragi, karanga, mayai ao samaki wadogo wa kukauka. Sombe yenye karanga ni chakula chetu, tena ni kizuri. Na usingizi usiibiwe.

Kuna watu wanaomeza vidonge vya deksametazoni ili wanenepe. Tuangalie! Vinajaza mwili maji na mafuta, lakini vinazaifisha misuli na mifupa. Sura inakuwa kubwa, nguvu inapungua.

Ndugu zangu wavulana, tusijisifu. Dada mwenye kutwanga sombe na kupanda kilima na litre 20 amefanya mazoezi mbele yetu sote. Na wewe dada, fanya ubao na kuchuchumaa, mugongo wako utakushukuru.

Siku nilipoanza, mama aliniona ninainua bidoni nyuma ya nyumba. Akasema: «Mwanangu, kama unapenda bidoni hivi, kwenye chemchem kuna zingine.» Nilienda. Sasa ninachota, na ninaandika katika kaye tarehe na litre. Nilianza na 3, sasa niko kwenye 9. Mugongo haulii, na dada yangu anabeba yake tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5