Moto Chini ya Kiti cha Dereva

Barabara iendayo Port Bell kupitia Bugolobi na Luzira haiipi injini nafasi ya kupoa. Foleni hujikokota, upepo hauingii chini ya gari, na joto hujikusanya chini ya viti vya mbele. Hapo hasa ndipo ilipo injini ya Toyota HiAce, gari la abiria lililoenea kote Kampala. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini Uganda magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini haikuyaondoa yaliyokwisha kuingia. Hayo yanazidi kuzeeka.

Ndugu askari unayeendesha gari la namna hiyo, au unayelisimamisha kizuizini, fahamu kwamba moto wa injini hauanzi siku unapoonekana. Huanza miezi mingi kabla, katika mpira wa petroli uliokauka na kupasuka. Fundi asiyejali huweka mpira wa maji mahali pake; petroli huulainisha, ukavimba, kisha ukachomoka. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze juu ya injini iliyopata moto! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, basi hutulia chini ukingoja cheche moja ya waya wa plagi. Dizeli si kali kama petroli, walakini ikirukia ekzosi iliyopata moto nayo huwaka. Na kuna wale wanaoziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya. Fyuzi iliwekwa ife yenyewe ili nyaya zipone; ikiondolewa, zitakazoungua ni nyaya zenyewe.

Yafaa kiti kiinuliwe asubuhi, injini ingali baridi, mipira ipapaswe na mafuta yaliyovuja yafutwe. Harufu ya petroli si jambo la kuvumiliwa hadi mwisho wa mwezi.

Moshi ukitokea njiani, madereva wengi hukimbilia kuinua kiti ili waone. Kufanya hivyo ni kuupa moto hewa uliyokuwa ukiikosa, na mwali humpiga mtu usoni. Simamisha gari kando, zima injini, vuta breki ya mkono, kisha toa watu kabla ya jambo lolote. Abiria 14 wanategemea mlango mmoja wa kusukuma, nao katika magari makuukuu hukwama mara kwa mara. Wapelekwe mbali, kule upepo unakotoka.

Hapa pana jambo linalowahusu askari zaidi ya raia. Gereza la Luzira li karibu na bandari hiyo. Mahabusu aliye na pingu ndani ya gari lililofungwa kwa nje hawezi kujiokoa, hivyo funguo za mlango na za pingu zisiwe kamwe mfukoni mwa mtu aliyeshuka kununua sigara. Bunduki na risasi zitolewe ikiwa moto haujazifikia; ukiisha kuzifikia ziachwe, na watu wasogezwe mbali zaidi, kwani risasi hulipuka kwa joto bila kufyatuliwa.

Watu wakisha kuwa salama, ndipo mtungi wa unga mkavu utumike. Mtungi wa kilo 1 humalizika katika sekunde 10 hivi, basi unga usitupwe hewani: uelekezwe kwenye shina la moto, kupitia chini ya gari au penye upenyo mdogo. Mtungi uliokaa garini mwaka mzima ugeuzwe na kutikiswa mara kwa mara, maana mtikisiko wa safari hushindilia unga.

Ziwa liko hatua chache, na jerikeni la maji hushawishi. Lakini petroli huelea juu ya maji, nayo yataichukua ikiwaka hadi chini ya gari la jirani. Kwa Volkswagen Kombi za zamani hatari ni kubwa zaidi: kiini cha injini yao, iliyo nyuma, kimeundwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto hupamba kwa maji.

Mtungi mmoja usipotosha, rudi nyuma, liache gari, piga 999 kuita zimamoto. Ukitosha, kiti kisiinuliwe hadi chuma kipoe. Kisha waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza.