Mtihani wa Udereva Hupimwa Machoni

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila anayeendesha gari awe na leseni ya daraja linalolingana na chombo chake, na leseni hiyo haitolewi mpaka mwombaji ajifunze kwa leseni ya muda, yaani kibali cha kuwa barabarani akiwa na mwalimu pembeni na alama ya L garini, kisha apimwe. Wanafunzi wengi huuchukulia upimaji huo kuwa mtihani wa mikono na miguu, wakatumia karibu muda wao wote kuzoea usukani, gia na klachi. Stadi hizo ni za lazima, lakini hupatikana mapema kuliko inavyodhaniwa, na mtahini makini huziona kuwa mwanzo tu wa kazi yake.

Katika gari la gia za mkono, kikwazo kinachoogopwa zaidi ni kuondoka kwenye mwinuko. Klachi ni kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi kwa msuguano wa sahani zake. Dereva anapoachia pedali ghafla, injini hubebeshwa uzito wote wa gari kabla haijapata nguvu, ikazimika. Dawa yake ni kushikilia breki ya mkono, kuinua klachi taratibu hadi mlio wa injini uzame kidogo na pua ya gari ianze kunyanyuka, kuongeza mafuta, ndipo breki iachiwe. Hilo ni zoezi la siku chache.

Uangalizi ndio unaochukua muda. Kila gari lina eneo la upofu, yaani sehemu ya pembeni na nyuma isiyoonekana katika kioo chochote, na katika jiji kama Dar es Salaam, ambako bodaboda hupenya kushoto na kulia kwa wakati mmoja, eneo hilo halikai tupu kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtahiniwa anayetaka kuhama njia hana budi kutazama vioo, kutoa ishara, kugeuza kichwa kidogo upande anaokwenda, ndipo aguse usukani. Anayetoa ishara huku ameshaanza kuhama amewaarifu wenzake jambo lililokwisha kutokea. Vivyo hivyo kwenye mzunguko, ambao madereva huuita kipilefti, kanuni ya kuwapisha walio ndani wanaotoka kulia haina maana kwa mtu aliyefika pale kwa mwendo usiompa nafasi ya kuwaona. Naye anayejifunzia katika Barabara ya Morogoro anapaswa kujua mapema kwamba njia za mabasi ya mwendokasi si zake, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Mwendo wenyewe unastahili hesabu. Muda wa kuitikia, yaani muda kati ya jicho kuona hatari na mguu kukanyaga breki, ni takriban sekunde moja kwa dereva aliye makini, na katika sekunde hiyo gari lililo katika kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kawaida katika maeneo ya makazi, husafiri mita 14 kabla ya breki kufanya chochote. Kisha, kwenye lami kavu na matairi mazuri, huhitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame. Mtoto akijitokeza mita 30 mbele, gari hilo litasimama likiwa limebakiza hatua mbili. Gari lililokuwa katika kilomita 60 litamfikia likiwa bado katika mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa, kwa kuwa umbali wa kufunga breki hukua kwa mraba wa mwendo, nao mwendo ukizidishwa mara mbili umbali huo huzidi mara nne. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii hahitaji kukumbushwa kupunguza mwendo anapokaribia kivuko cha watembea kwa miguu.

Kuna kasoro moja ya mafunzo isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni mdomo wa mwalimu. Mwalimu mwema husema kila mara "punguza", "kioo", "gia ya pili", na kwa kuwa baadhi ya magari ya mafunzo yana breki upande wake pia, mwanafunzi huendeshwa bila kujua, akajiona amefuzu. Siku ya mtihani aliyeketi pembeni hutaja tu mahali pa kwenda, na ukimya huo huwaangusha wengi kuliko mwinuko wowote. Kwa sababu hiyo masomo ya mwisho yafanyike mwalimu akiwa kimya, katika njia ngeni na saa za msongamano, naye mwanafunzi ataje kwa sauti kila hatari anayoiona kabla ya kuifikia: daladala linalotaka kuingia barabarani, mlango wa gari lililoegeshwa, mpira unaobingirika kutoka uani. Anayehitaji bado kuambiwa lini apunguze mwendo aahirishe mtihani, hata kama ada imeshalipwa.