Mchumi aliyepima afya kwa bei za magharibi mwa Kenya

Wafanyabiashara wanaotoka Kisumu kwenda mpaka wa Busia hupita Bumala, wengi bila kusimama. Soko hilo na vijiji vya jirani ndivyo vilivyompa jina Pascaline Dupas, mchumi wa afya kutoka Ufaransa. Alipata shahada ya uzamivu Paris mwaka 2006, akafundisha Stanford, na sasa yuko Princeton, Marekani. Maswali yake ni yale ya mwenye kibanda: bei ikipanda kidogo, nani ataondoka? Na fedha ya dawa ikae wapi?

La kwanza alilipima kwa vyandarua vyenye dawa. Wakati huo wengi waliamini cha bure hakithaminiwi, kwamba mama akilipa kidogo atakitumia vizuri zaidi. Dupas na mwenzake Jessica Cohen wakapanga bei tofauti katika kliniki za wajawazito, kuanzia bure hadi shilingi 40 za Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kwa shilingi 40 tu, kiwango cha waliochukua chandarua kilishuka kwa alama 60 za asilimia. Waliolipa nao hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure.

Muuza vyandarua atalalamika kwamba bure imemuulia soko. Dupas alilifuatilia hilo pia. Mwaka mmoja baadaye, kaya zilizopata chandarua cha kwanza bure au kwa bei ya chini sana ndizo zilizokuwa tayari zaidi kununua cha pili kwa shilingi 150. Ni hesabu ile ile ya muuza maembe anayemkatia mteja kipande aonje.

Kazi yake ya mwaka 2011 ilihusu wasichana wa shule za msingi. Walipoelezwa kuwa wanaume wenye umri mkubwa wana maambukizi mengi zaidi ya VVU kuliko vijana wa rika lao, mimba zilipungua kwa asilimia 28.

Utafiti unaowagusa zaidi wasomaji wetu ni wa akiba. Pamoja na Jonathan Robinson, alivifikia vyama vya kuchangiana, ambavyo Tanzania huitwa upatu, Rwanda ikimina na Kongo likelemba. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, pamoja na ufunguo wake. Baada ya miezi 12, fedha walizotumia kwa kinga ya afya zilikuwa zimepanda kwa asilimia 66 hadi 75. Hawakuongezewa mtaji wala mshahara. Fedha ilipata mahali pake, na mwenye nayo akapata neno la kumjibu ndugu anayekuja kukopa. Vyama vilivyoanzisha mchango wa pili, wa afya pekee, vilifanya vizuri zaidi: matumizi hayo yalizidi maradufu.

Wengine walipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ukabaki kwa wasimamizi. Hao matumizi yao ya kinga hayakupanda kwa kiasi cha kuonekana, kwani wengi husita kufungia fedha wasiyoweza kuigusa mtoto akiugua usiku.

Huko Bumala, wanawake wauzaji waliofunguliwa akaunti katika benki ya kijiji waliwekeza zaidi katika biashara zao, ingawa akaunti hizo hazikuwa na riba na kila kutoa fedha kulikatwa ada. Wanaume wa bodaboda za baiskeli walifunguliwa akaunti zile zile, lakini kwao badiliko hilo halikuonekana.