Mzee husikia sauti, ila maneno humpotea

WATOTO wanasema paka ameingia jikoni. Bibi anauliza, "Kaka yupi?" Nyumba nzima inaangua kicheko. Bibi naye anatabasamu, lakini vicheko kama hivyo vikizidi huanza kunyamaza. Wageni wakija, hujitenga. Wengine husema ni uzee tu, wengine husema ana kiburi.

Ukweli ni kwamba wazee wengi wa aina hii si viziwi. Sauti wanaisikia, kinachowapotea ni maneno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita umri wa miaka 60 wana upungufu fulani wa kusikia.

Chanzo cha tatizo

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna chembechembe zenye vinywele vidogo mno, yapata 15,000. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme, ambao mshipa wa fahamu huupeleka kwenye ubongo. Chembechembe hizo zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, nazo ndizo zinazotusaidia kutambua herufi kama s, f, t na k. Ndiyo maana paka akawa kaka.

Uzee si chanzo pekee. Makelele nayo huua. Chukua mfano wa Kware, katika kaunti ya Kajiado. Jina hilo halihusu ndege. Kware ni machimbo ya mawe. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye makelele yanayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Kijana anayekata mawe kwa mashine bila vizibo vya masikio huenda asione dhara leo. Deni hulipwa uzeeni.

Kuuamsha mshipa kwa umeme

Je, mshipa wa fahamu ukisisimuliwa kwa umeme, mzee ataweza kuelewa maneno tena? Njia moja imekwisha kuthibitishwa. Mwaka 1957, mjini Paris, Djourno na Eyriès walipitisha umeme kwenye mshipa wa kusikia wa mtu aliyekuwa kiziwi, naye akasikia sauti. Mwaka 1978 Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alimpandikizia mgonjwa kifaa chenye njia nyingi za umeme. Kufikia mwaka 2022, vifaa vya namna hiyo vilivyosajiliwa ulimwenguni vilikuwa vimepita milioni 1. Hata wazee huwekewa, ila ni kwa upasuaji, tena kwa wale ambao mashine za kawaida za masikio haziwafai.

Njia ya pili ingali inachunguzwa. Inahusu mshipa uitwao vagasi, utokao kwenye ubongo ukashuka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Tawi lake moja hupita kwenye ngozi ya sikio. Ukisisimuliwa, ubongo hutoa kemikali zinazoufanya uwe macho na ushike upesi unachosikia wakati huo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu wazima waliosisimuliwa kidogo sikioni walijifunza haraka zaidi baadhi ya toni za lugha ya Kichina. Wazo ni kwamba ubongo wa mzee nao waweza kufunzwa upya kutambua maneno.

Hata hivyo, tusitangulize furaha. Waliojaribiwa hawakuwa wazee wenye upungufu wa kusikia, na njia hii haijawa tiba ya kawaida ya tatizo hilo. Akija mtu kukuuzia kifaa cha kuamsha mishipa ya mzee, ficha pesa zako kwanza umwone daktari. Umeme si wa kuchezewa, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Cha kufanya sasa

Mpeleke mzee akapimwe. Huenda ni nta tu iliyoziba, nayo haitolewi kwa njiti ya kiberiti. Anzia zahanati ya karibu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ina idara ya masikio, pua na koo. Kusikia kukipotea ghafla, usingoje kesho.

Akishauriwa kuvaa mashine ya masikio, asione haya. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliwafuatilia watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84. Kwa wote pamoja tofauti haikuonekana. Lakini miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa ya kupoteza kumbukumbu, matibabu ya kusikia yalipunguza kasi ya kufifia kwa akili kwa asilimia 48 katika miaka 3.

Nanyi watoto na wajukuu, kupiga kelele hakusaidii. Huvuruga maneno zaidi. Zimeni redio. Mwitieni jina kwanza, mkae mbele yake penye mwanga auone mdomo, mseme polepole. Asipoelewa, lisemeni jambo kwa maneno mengine. Msimwambie, "Basi, achana nayo." Hilo huwa analisikia vizuri, nalo ndilo humfanya aache kuuliza.