'Royalty' si 'loyalty': Mrabaha ni haki, si zawadi

MANENO mawili ya Kiingereza, 'royalty' na 'loyalty', hutofautiana kwa herufi moja tu, lakini katika Kaunti ya Kwale herufi hiyo ina uzito wa fedha.

Wasemaji wa lugha kadhaa za Kibantu zisizotenganisha sauti za r na l hulitamka la kwanza kama la pili, na kosa hilo hupenya hadi katika maandishi. Mswahili hana kisingizio: hachanganyi mahari na mahali, wala kura na kula, ingawa wanasiasa wetu huenda wakabisha kuhusu hayo mawili ya mwisho.

'Loyalty' ni uaminifu au utiifu. Mgeni anayerudi kila mwaka katika hoteli ile ile ya Diani, akapunguziwa bei, ametuzwa kwa uaminifu wake. Mwenye hoteli angeweza kumnyima, na mgeni asingekuwa na pa kushtaki.

'Royalty' ina asili nyingine. Imetokana na neno lenye maana ya ufalme. Nchini Uingereza, dhahabu na fedha zilizomo ardhini zilihesabiwa kuwa mali ya mfalme, na aliyezichimba alimtolea sehemu yake. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaiweka Serikali ya Kitaifa kuwa mdhamini wa madini kwa niaba ya wananchi, na malipo hayo huitwa mrabaha. Ndilo neno litumikalo pia kwa mapato ya mwandishi kila kitabu chake kinapouzwa.

Mrabaha huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya madini yanayouzwa. Kwa hivyo si fidia, kama waliyolipwa wakazi wa Maumba na Nguluku walipohama kuupisha mgodi wa Base Titanium. Wala si ufadhili wa masomo: kampuni inayosomesha watoto wa kijiji bado inadaiwa mrabaha wake wote.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa fedha hizo hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Mgodi huo ulianza kusafirisha ilmenaiti, rutaili na zirkoni mwaka 2014, ukakoma kuchimba Desemba 2024. Kwa miaka mingi viongozi na wakazi walilalamika kwamba mgao wao haujawafikia. Aliyesikia 'loyalty' barazani hungoja kushukuriwa. Aliyesikia 'royalty' huuliza ni tani ngapi zilizouzwa, kwa bei gani, na sehemu ya jamii imewekwa katika akaunti ipi.

Kusini zaidi, Mlima wa Mrima una niobiamu na madini mengine adimu ambayo hayajaanza kuchimbwa kibiashara. Siku ikifika, wakazi wake nao wataitwa barazani.