Filamu mpya ya James Bond: mapato ya mlangoni yatamfikia nani?

MFANYABIASHARA anayepakia matenga ya nyanya Lushoto jioni ili yafike Dar es Salaam kabla ya alfajiri anaielewa biashara ya sinema kuliko anavyodhani. Mzigo ukiwahi soko, bei ni yake. Ukikwama Mombo siku moja, bei ni ya dalali. Siku ya tatu hakuna bei tena.

Ndivyo ilivyo kwa filamu kubwa. Spectre, filamu ya 24 katika mfululizo wa jasusi wa Kiingereza James Bond, iliingiza dola milioni 70 nchini Marekani katika siku tatu za kwanza mwezi Novemba 2015. Wiki iliyofuata, siku zile zile tatu zilileta dola milioni 34 tu. Nusu ya bei ilikuwa imekwisha kabla ya siku kumi.

Suala la mapato ya filamu hizo limerudi kwenye kurasa za biashara tangu Februari 2025, kampuni ya Amazon MGM Studios ilipotangaza kuwa imekabidhiwa uamuzi wa mwisho juu ya Bond na familia ya Broccoli, iliyoushika mfululizo huo tangu filamu ya kwanza mwaka 1962. Juni 2025 alitajwa mwongozaji, Denis Villeneuve wa Canada. Mwandishi, Steven Knight wa Uingereza, alitajwa baada yake. Matangazo hayo hayakuwa na jina la mwigizaji atakayeshika nafasi ya Bond.

Hata hivyo makisio ya mapato yameanza, na wenye akiba zao wanauliza kama kuna chochote cha kununua.

Dola milioni 774 si faida

Kosa la kwanza la wengi ni kusoma mapato ya mlangoni kama faida. Filamu ya 25, No Time to Die, iliyotoka mwishoni mwa Septemba 2021, ilikusanya takriban dola milioni 774 duniani kote. Kwa hesabu ya kijijini huo ni utajiri usio na mfano. Kwa hesabu ya mwenye filamu, mambo ni tofauti.

Fedha hizo hulipwa dirishani kwa mwenye ukumbi, naye hukata sehemu yake. Kwa kawaida mwenye filamu hupata kama nusu ya tiketi za Marekani, kama asilimia 40 katika nchi nyingine nyingi, na kama robo tu China.

Marekani ilileta kama dola milioni 161, kwa hiyo mwenye filamu alibakiwa na kama milioni 80. China ilileta kama milioni 64, akapata 16. Sehemu nyingine za dunia zilileta kama milioni 549, akapata takriban 220. Jumla ni dola milioni 316.

Gharama za kuitengeneza zilizidi dola milioni 250. Matangazo hayamo humo, na kwa filamu ya aina hii hugharimu milioni 100 au zaidi. Ndiyo maana mwezi Novemba 2021 magazeti ya Marekani yaliandika kuwa filamu hiyo huenda ikapata hasara kwenye kumbi, habari ambayo MGM waliikana.

Mkulima wa Soni haoni ajabu hapo. Gunia la kabichi linalouzwa kwa bei nzuri Ilala si fedha yake yote. Kuna gari, kuna ushuru, kuna dalali, kuna lumbesa. Kinachorudi mlimani ndicho cha kuhesabu.

Jina ndilo shamba

Kwa nini basi Amazon, iliyotangaza Mei 2021 kuinunua MGM kwa dola bilioni 8.45 na kukamilisha ununuzi Machi 2022, ilitaka mzigo wa namna hiyo? Jibu ni kwamba filamu moja ni zao la msimu, bali jina la Bond ni shamba. Filamu za zamani huendelea kuuzwa kwa vituo vya televisheni na kwenye mtandao miaka yote. Makampuni ya bidhaa nayo hulipa ili yaonekane ndani yake. Bia ya Heineken imekuwamo tangu mwaka 1997.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu. Mpelelezi Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba amesomwa tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na jina lake lingali linajulikana kwa watu ambao hawajapata kukishika kitabu chenyewe. Musiba mwenyewe alikuwa mtu wa biashara, aliyepata kuongoza Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima, TCCIA. Lakini shamba lisipolimwa halimlishi mwenyewe. Jina la mpelelezi huwa mali pale tu haki zake zinapotunzwa na kuuzwa mara nyingi, kwa njia nyingi.

Sura mpya huongeza wateja?

Historia inaweza kusaidia kukisia. Tangu Sean Connery, waigizaji wapya watano wameingia. Mara nne mapato ya filamu ya kwanza ya mgeni yaliizidi ya mwisho ya mtangulizi wake. Pierce Brosnan alipoingia na GoldenEye mwaka 1995, baada ya miaka sita bila filamu, mapato yalipanda kutoka dola milioni 156 hadi zaidi ya 350. Daniel Craig mwaka 2006 alipandisha kutoka milioni 431 hadi karibu 600. Mara moja tu, mwaka 1969 kwa George Lazenby, mapato yalishuka.

Takwimu hizo hazikurekebishwa kwa kushuka kwa thamani ya dola. Lakini mwelekeo uko wazi: watu hulipa kumwona mgeni.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia. Skyfall ya mwaka 2012 ilipita dola bilioni 1.1. Spectre ikashuka hadi takriban milioni 880, kisha No Time to Die hadi 774, ingawa hii ya mwisho ilitoka wakati wa korona. Kwa hiyo anayetaja bilioni moja kwa filamu mpya anataja kiwango kilichofikiwa mara moja tu katika filamu 25.

Aliyeumia ni mwenye kibanda

Somo kubwa kwa mwekezaji mdogo liko katika kuchelewa kwa No Time to Die. Filamu hiyo ilipangwa Aprili 2020, ikasogezwa hadi Novemba, kisha Aprili 2021, hatimaye Septemba. Mwenye mali alivumilia. Aliyeshindwa kuvumilia ni aliyekuwa akiisubiri.

Oktoba 2020, siku chache baada ya filamu kusogezwa tena, kampuni ya kumbi ya Cineworld ya Uingereza ilitangaza kuzifunga kwa muda kumbi zake zote za Uingereza na Marekani. Wafanyakazi wapatao 45,000 waliguswa, na hisa zake zikaporomoka. Septemba 2022 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake.

Haikuuawa na Bond. Ilikuwa imebeba madeni makubwa, yakiwamo ya kuinunua Regal ya Marekani kwa dola bilioni 3.6 mwaka 2018. Lakini mwenye deni anayetegemea mzigo mmoja hana nafasi ya kusubiri gari la kesho. Walionunua hisa zake kwa sababu Bond anakuja waliujua mzigo, hawakulijua deni.

Na anayenunua hisa za Amazon kwa ajili ya Bond? Mwaka 2024 mauzo ya Amazon yalikuwa takriban dola bilioni 638. Bond afanye vizuri au vibaya, ni tone katika pipa. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, nalo halina kampuni ya sinema ya kununua.

Casino Royale ya mwaka 2006 ina funzo lake. Mapema ndani yake tunafikishwa Mbale, Uganda, ambako mhalifu anapokea fedha za mbabe wa kivita na kuzitumia kuuza hisa za kuazima za kampuni ya ndege, akipanga kuzinunua tena zikishaanguka. Kwa kuwa amepanga kuilipua ndege yenyewe, ana hakika. Ndege inaokoka, hisa haziangukii alikotaka, na fedha za mtu mwingine zinapotea. Aliyebahatisha kwa amana asiyoimiliki akaishia kudaiwa maisha yake.

Upande wa Usambara

Mpenzi wa sinema wa Lushoto anayetaka kuiona filamu mpya ukumbini wiki ya kwanza hulazimika kushuka Mombo na kwenda mbali, hadi Mlimani City jijini Dar es Salaam. Waliobaki huisubiri kwenye vibanda umiza, na hapo ndipo shilingi ya mlimani inapoingia.

Mwenye kibanda asihesabu wateja tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka idhini ya mwenye kazi kabla ya kuionyesha hadharani, na maonyesho ya filamu yako chini ya Bodi ya Filamu. Anayenunua televisheni kubwa kwa mkopo akitegemea nakala ya wizi amefanya kosa la Cineworld kwa kipimo cha mtaani: deni ni lake, mzigo ni wa mwingine.

Kwa hali ilivyo, aliye salama ni yule ambaye Bond kwake ni nyongeza: mwenye kibanda anayeuza chai na maandazi, anayeonyesha mpira Jumamosi, na asiyedaiwa. Filamu ikichelewa mwaka mzima, yeye atafungua kesho yake asubuhi.